Machela Iliyobeba Michembe

Ulikuwa mwaka wa michembe. Anayetaka kuujua kwa namba akamuulize mwalimu, mimi naujua kwa tumbo. Migomba tulikuwa tumeing'oa kwa sababu ya mnyauko, mahindi yaliungua yakiwa hayajafika goti, na viazi vikavu ndivyo vilivyotulea. Asubuhi michembe, mchana michembe na dagaa, jioni michembe tena, hadi mjukuu wangu alipokiona kiazi kibichi sokoni akauliza kama nacho huwa kinaliwa. Mkiukumbuka mwaka huo mtakumbuka pia kwamba nilitoweka hapa Nyakanazi, na niliporudi mkanijazia mlango. Mama Leokadia, ilikuwaje? Ni kweli walikubeba? Nimechoka kumjibu kila mmoja bombani. Darasa la nne linatosha kuandika haya. Anayejua kusoma awasomee wengine, na asiongeze chake.

Kuondoka Nyakanazi

Kaka yangu, Mungu amrehemu, alifariki huko kwetu Ngara, kwenye milima iliyo nyuma ya Nyakisasa. Mazishi sikuyawahi, malaria ilikuwa imenilaza kama gunia. Siku ya kumaliza msiba ilipokaribia, mwanawe Deusi akanipigia simu.

"Mzee," akasema. Hakusema shangazi. Alisema mzee, kama anamwita mlinzi wa geti. "Kuna lile shamba la juu."

Shamba hilo alinipa baba yangu kwa mdomo wake, mbele ya watu, kabla sijaolewa. Pembeni yake amelala mama yangu. Kaka alinitunzia maisha yake yote na kila mavuno alinitumia maharage.

"Nalijua," nikamjibu. "Limefanya nini?"

"Shamba ni la mtu anayelifikia, na wewe hufiki tena. Nimesema mbele ya wazee wa ukoo, wako hapa wanasikia simu. Siku ya kumaliza msiba ukifika kwa miguu yako, kuanzia pale barabara inapoishia, sitaligusa hata jani. Ukiletwa na watu, nalilima mimi."

Niliwasikia wazee wanakohoa. Wanajua kukohoa wale. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kumwambia mtoto anyamaze.

"Wazee wangu, shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo," nikasema. "Mmemsikia? Basi msije mkasahau."

Binti yangu Leokadia mnamjua, ndiye anayewapikia madereva pale njia panda. Alikuwa anageuza ugali. "Mama, goti lako lile," akasema. "Nenda mpaka barabara inapoishia, halafu vijana wa huko wakubebe kwenye machela. Shamba tutalidai baadaye."

Ninyi mliozaliwa tambarare hamuijui machela. Kwetu gari halipandi. Mgonjwa anafungiwa kwenye kitanda cha mianzi iliyosukwa, wanaume wanne wanamweka mabegani, wanashuka naye hadi barabarani. Mama aliyeshindwa kujifungua hubebwa hivyo. Maiti hubebwa hivyo. Mtu mwenye neno la kusema mbele ya ukoo habebwi.

"Sibebwi mimi," nikamwambia. "Siku ya kubebwa sitakuwa na mdomo wa kukataa."

Akarudi kwenye ugali wake. Nikafunga michembe kwenye gunia dogo, maana mtu haendi msibani mikono mitupu, nikachukua kitenge changu cha buluu cha kujifunika na fimbo ya marehemu mume wangu. Miguuni yeboyebo za plastiki. Mlicheka yeboyebo zangu, nilisikia.

Lori lililolala njiani

Nilipanda lori la Salimu, yule Mtanga anayepeleka saruji Rwanda na anayesema mchuzi wa Leokadia unamkumbusha mamaye. Ngazi ya lori iko juu kama dari.

"Bibi, nikusukume?" akauliza kwa adabu.

"Unisukume wapi?"

Akatazama pembeni. Nilipanda mwenyewe, goti linalia, mimi nimenyamaza.

Tulipoipita Lusahunga tukakuta lori jingine limelala kuziba barabara, mzigo umemwagika, magari yamepanga mstari hadi mwisho hauonekani. Tukakaa. Jua likatupiga, mvua ikatupiga, jua likarudi. Salimu akafungua kisanduku kilicho ubavuni mwa lori, akatoa jiko na sufuria, akagundua mchele umeisha.

"Nina michembe," nikamwambia.

Akachukua kipande, akakigonga kwenye chuma cha lori. Kikalia ko, ko. "Bibi, hivi si vijiti vya kuwashia moto?"

"Washia, halafu ushinde na njaa."

Niliichemsha pale kando ya barabara, nikatia karanga alizokuwa nazo dereva wa nyuma yetu. Madereva wakaja mmoja mmoja na vikombe. Salimu alikula, akaongeza, akaongeza tena, kisha akasema kwao Tanga hakuna atakayemwamini kwamba alikula kuni zikashuka. Wakati tunaosha sufuria akaniuliza ninakwenda kufanya nini milimani kwa umri huu. Nikamweleza habari ya Deusi.

"Sasa bibi, ukichoka katikati ya mlima?"

"Nitapumzika. Kwani mlima unaondoka?"

Alinishusha Nyakahura giza linaingia. Nililala kwa mama mmoja tunayejuana kwa mambo ya kanisa. Kulipokucha nilikuta mnada wa ng'ombe umejaa hadi barabarani, na hakuna bodaboda aliyetaka kuondoka kabla wenye ng'ombe hawajalewa na kuhitaji kurudishwa kwao. Nikakaa juu ya gunia langu kuwasubiri walevi. Nimewahi kusubiri vitu vya maana zaidi.

Barabara inapokufa

Bodaboda niliyempata alikuwa baba wa watoto wanne na mwangalifu kupita kiasi. Alitoa mpira mrefu wa baiskeli, akaanza kunizungushia kiunoni.

"Wewe, unafanya nini?"

"Nakufunga, bibi. Wazee huwa wanasinzia njiani, wanadondoka."

"Mfunge mbuzi."

Akaukunja mpira wake. Tulikwenda hadi Nyakisasa na kuipita, udongo mwekundu umelowa, pikipiki inacheza kama imekunywa yenyewe. Nilishuka mara nyingi tukaisukuma wote wawili. Mwisho tukafika pale barabara inapokufa, kwenye mti uliochomwa na radi, na hapo akazima injini akaonyesha kwa kidevu.

Njia ya kwetu hupita bondeni, kati ya mashamba ya viazi. Sasa bonde halikuwepo. Kulikuwa na ziwa. Mvua za juma zima zilikuwa zimejaza lile dimbwi la mafunjo lililo chini ya milima, maji yamekula mashamba, na vichwa vya mafunjo vinaonekana katikati kama watu wanaooga.

"Hapa hupiti," akasema. "Watu wanapita juu, kwenye migongo ya milima. Panda huu wenye mnara wa simu, fuata mgongo hadi ule wa mawe, halafu ndipo wa kwenu. Lakini bibi, mimi ningekushauri…"

"Shikilia hapo ushauri wako, pikipiki isianguke."

Akacheka, akanipa maji yake ya chupa, akaondoka. Nikaweka gunia kichwani.

Mlima wa Mnara

Nisiwadanganye, ulinitesa. Njia imechongwa na mvua ikawa mfereji, na udongo ule ukilowa ni sabuni. Nilipanda kwa upande kama kaa, fimbo kwanza, mguu mzima, kisha ule wa goti baya. Nikishika majani, majani yanakata. Nikisimama, gunia linanirudisha nyuma. Nilizungumza na goti langu maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa kuwa paroko naye atasoma.

Lakini kufika juu ni kufika juu. Upepo ulinikaushia jasho papo hapo. Chini upande huu lile ziwa jipya linang'aa, upande ule mabonde mengine yamejaa ukungu, na mbele migongo ya milima imefuatana mmoja nyuma ya mwingine hadi ile ya Burundi, myembamba, rangi ya moshi. Niliondoka huko nikiwa msichana na nilikuwa sijawahi kuitazama. Ukiwa na kuni kichwani unatazama miguu yako.

Nikatandika kitenge katikati ya njia, palipo pakavu, nikalala chali, nikapandisha miguu juu ya jiwe na kufumba macho. Ndivyo ninavyoipumzisha miguu tangu ujana, damu inarudi. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Nilikuwa nimesahau ninapolala ni wapi.

Kwetu mtu mzima halali njiani. Anayelala njiani ni mgonjwa, na mgonjwa aliyeangukia kwenye mlima wenu ni wenu. Kila nyumba itatoa bega, mtambeba hadi kwenye mpaka wa mlima unaofuata, mtawakabidhi wenzenu nao watambeba hadi mbele. Nyumba isiyotoka, siku yake ikifika nayo haitokewi. Hakuna anayecheza na jambo hilo, awe mlokole, awe mlevi.

Wanawake waliokuwa wanapalilia ng'ambo waliniona. Nilisikia sauti inaita kutoka mlima hadi mlima, sauti ndefu ya kuvuka bonde, nikadhani wanaita mbuzi. Nilipofumbua macho wanaume wanne walikuwa wamesimama juu yangu na machela.

"Pole, bibi," akasema mkubwa wao. Jina lake Simeoni, mtu mpana mwenye mvi za kidevuni. "Usiogope. Tumefika."

"Shikamoo husemi?"

Wakatazamana. "Shikamoo," wakasema wote.

"Marahaba. Mimi nimepumzika. Rudini mashambani."

"Mgonjwa huwa anasema hivyo," akasema mmoja.

"Na mzima huwa anasemaje?"

Simeoni akachuchumaa. "Bibi, tumeitwa. Mlima wote umesikia. Tukirudi na machela tupu na wewe ukaanguka huko mbele, watasema watu wa Mnara walimwacha mama mzee afie njiani. Binti yangu anakaribia kujifungua. Nani atatoa bega kwangu?"

Niliona hasemi uongo. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na yangu ilikuwa ya kweli. Nikamweleza yote, shamba, Deusi, simu, wazee wanaokohoa.

"Basi tukubebe hadi karibu, tukushushe kabla hawajaona."

"Nitakuwa nimeona mimi," nikamwambia. "Sibebwi mimi. Siku ya kubebwa sitakuwa na mdomo wa kukataa."

Nikasimama, nikakung'uta kitenge, nikashika njia. Nilipogeuka nyuma walikuwa wananifuata, machela mabegani, tupu, hatua kwa hatua kama wamebeba askofu.

Mgongo wa Mawe

Huo mgongo ni mwembamba, mawe yametokeza kama meno, na pande zote mbili unaona chini. Mimi mbele, wao nyuma. Nikisimama, wanasimama. Nikikohoa, Simeoni anauliza, "Tayari, bibi?" Nikajibu, "Tayari nini?" Tukaendelea.

Kwenye mpaka wa mlima wa pili akaita kwa ile sauti ndefu, na wanaume wengine wakatoka na majembe yao.

"Mgonjwa yuko wapi?" wakauliza.

"Ni huyu anayetembea."

"Simeoni, umekunywa?"

"Sijanywa. Pokeeni."

"Tupokee nini? Machela tupu haipokelewi. Tangu lini?"

Walibishana hadi manyunyu yakaanza. Hawa hawawezi kupokea kitu kisichokuwepo, wale hawawezi kurudi wakiwa hawajakabidhi. Shingo yangu ilikuwa imekwisha kwa lile gunia. Nikasema, "Wekeni basi michembe yangu humo. Hiyo haina neno la kusema mbele ya ukoo."

Wote wakaona ni haki. Gunia likalazwa kwenye machela, nami nikalifunika kwa kitenge cha buluu lisilowe. Wenye mlima wa pili wakapokea, na wale wa Simeoni nao hawakurudi, walisema wanataka kuona mwisho. Ndivyo tulivyoshuka kuelekea kwetu, kundi zima la wanaume na michembe iliyofunikwa vizuri kama mtu.

Karibu na migomba ya kwanza ya kwetu yeboyebo yangu moja ikamezwa na tope. Nikawaambia watangulie, nikabaki kuichimba kwa fimbo.

Kwetu

Nilisikia kilio kabla sijaona nyumba. Nikajiambia, msiba unamalizwa leo, wanalia machozi ya mwisho. Nikavaa kiatu changu, nikafuata. Kumbe machela ilikuwa imeonekana tangu ikiwa kwenye mawe, na kitenge cha buluu kila mtu anakijua, nilikivaa kwenye ubatizo wa wajukuu wa kaka. Wifi yangu Agnesi, mjane wa kaka, alikuwa chini kwenye majani, mikono kichwani, anamlilia mtu kwa jina langu. Deusi amesimama mbele ya wazee, shati jeupe, anasema kwa sauti ya huzuni iliyopigwa pasi: "Ameletwa. Tumsitiri vizuri. Lile jambo la shamba sasa limejimaliza lenyewe."

"Limejimaliza vipi?" nikauliza kutoka nyuma ya migomba.

Agnesi aliinuka kama msichana, akanishika uso, akanipiga begani. "Mwanamke mbaya wewe," akasema, "nimekulilia hadi sauti imekauka." Kisha akaanza upya kulia, sasa kwa kucheka.

Deusi alikuwa amegeuka rangi ya ugali wa muhogo. Lakini mtoto yule ana kichwa, tusimnyime. Akasema, "Karibu, mzee. Lakini wote tumeona machela. Umebebwa, umeshushwa hapo kwenye kona."

Simeoni akafunua kitenge. "Tumebeba michembe," akasema.

Watu wakaanguka kucheka. Deusi hakucheka. "Hao umewaomba waseme hivyo. Nani anabeba michembe kwenye machela?"

Na wazee, mtaamini, wakaanza kukohoa.

Basi nikavua yeboyebo, nikapandisha mguu wangu juu ya benchi, katikati yao, palipokaa chungu cha pombe ya mtama. Tope jekundu hadi gotini, la chini limekauka, la juu bado bichi, na mikato ya majani imejaa damu. "Aliyebebwa huwa na miguu ya namna hii?" nikauliza. "Niambieni. Na kama tope halitoshi, shamba lenyewe haliko hapa barazani. Liko juu. Nyanyukeni."

Shamba la juu

Kutoka nyumbani hadi shamba la juu ni ukuta. Kilele cha kwetu ndicho kirefu kuliko vyote viwili nilivyovipita, na goti langu lilikuwa limekwisha kuniaga. Mzee mmoja akasema, "Dada, inatosha, tumeona." Nikamwambia ningeshukuru kama angeona kwenye simu siku ile. Nikapanda. Nilipanda kwa mikono, kwa fimbo, kwa hasira. Mahali pamoja nilipiga magoti na nyuma yangu pakawa kimya kabisa, nikajua wanangoja nilale. Sikulala. Nilishika mzizi nikajivuta.

Deusi alikuja na viatu vya ngozi vya msiba. Aliteleza, akarudi, akateleza tena. Simeoni alimwuliza kama alete machela.

Juu kuna mawe ya kaburi la mama, meusi, na maharage yamestawi hadi pembeni yake, maana ukungu hunywesha pale hata mwaka wa njaa. Nikaketi karibu na mama. Milima yote niliyopita ilikuwa chini yetu imelala na ziwa lake, nikaitazama mmoja baada ya mwingine. Deusi alifika wa mwisho, akakaa chini na shati lake jeupe, pumzi zinamwishia. Nikatoa michembe michache niliyochota kwenye gunia kabla ya kupanda, nikampa. Alitafuna muda mrefu.

"Masenge," akasema. Ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kihangaza, na hakuwa ameniita hivyo tangu ameota ndevu. "Shamba ni lako."

"Hilo nilikuwa nalijua kabla hujazaliwa. Ulilitakia nini?"

Akatazama maharage. "Huko chini maji yamechukua viazi vyote. Nina watoto sita. Hapa ndipo pekee panapozaa."

"Mdomo wa kuomba ulikuwa umeuweka wapi?"

Nikasema mbele ya wazee ili wapate kitu cha kukoholea: "Lima. Shamba ni langu, nguvu ni zako. Kila mavuno utanitumia maharage kama baba yako. Na siku yangu ikifika, mtanileta hapa, mnilaze upande huu wa mama."

"Tutakuleta, Masenge. Kwa mabega yetu."

Jua lilikuwa linashuka na watu wakaanza kukusanya fimbo zao. Simeoni akaja, wenzake nyuma yake, na Deusi akaenda akashika mpini wa nne wa machela. Walikuwa wametandika kile kitenge changu cha buluu ndani, wamekinyoosha vizuri.

"Bibi," akasema Simeoni, "kupanda umepanda, kila mtu ameona. Hii ni kushuka tu. Kwa heshima."

"Kwa heshima, Masenge," akasema Deusi.

Nikachukua kitenge changu kutoka kwenye machela, nikajifunga kiunoni, nikaokota fimbo.

"Sibebwi mimi. Siku ya kubebwa sitakuwa na mdomo wa kukataa."